Salama, Ila

Mimi ndiye mtu aliyemweka baba yake mzazi nambari kumi na saba kwenye foleni ya wagonjwa kumi na saba. Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishaanza.

Naitwa Sabiri, mkazi wa mtaa wa Mabawa, fundi wa kompyuta. Kituo cha Uokozi cha Mwambao, kinachopokea simu za watu wanaohitaji gari la wagonjwa au zimamoto, kiliniajiri nikitoe kwenye madaftari nikiingize kwenye mfumo wa kisasa. Madaftari yenyewe yalikuwa kaunta buku za Bi Tausi, aliyepokea simu pale miaka ishirini na miwili. Alikuwa akiandika kila neno la mpigaji, salamu kwa salamu. Niliposoma kurasa mbili nikaangua kicheko.

"Bi Tausi, hii taarifa ya dharura au barua ya posa?"

"Cheka, mwanangu," akasema. "Lakini watu wa huku hawaanzi na moto. Huanza na salamu."

Sikumsikia, ujuaji ulikuwa umenijaa mpaka kooni. Nikamhamishia meza ya pembeni anakili madaftari yake ya zamani, na simu nikampa Anastazia, binti wa Lushoto mwenye vidole vyepesi. Mpango wangu ulikuwa hivi: Anastazia anaandika maneno ya mpigaji kama yalivyo, kompyuta inayasoma na kumpanga mgonjwa. Neno kama "damu" linampandisha juu, anakuwa mwekundu. Neno kama "salama", "nzuri" au "hatujambo" linamshusha ngazi moja, anakuwa wa kijani, anaweza kusubiri. Kwa hiyo kadiri mtu alivyokuwa na adabu, ndivyo alivyozidi kuzama.

Nililijaribu hilo? Nililijaribu sana! Nilitunga simu hamsini kwa mkono wangu, na katika zote mtu anapayuka "Moto! Moto! Njooni!" Zote zikafaulu. Mimi huyu, niliyelelewa na mama ambaye hata akiwa kitandani anatetemeka kwa homa ukimuuliza habari atakwambia nzuri, nilitunga watu hamsini wasiojua kusalimia.

Siku ya uzinduzi nilivaa tai, nikazima simu yangu isije ikanitia aibu mbele ya wageni. Saa nne asubuhi ubao mkubwa ukutani ulikuwa kijani kitupu, mistari kumi na saba. Majina sikuyaweka, niliona yanaharibu sura.

"Mkurugenzi," nikamwambia Bwana Mathew kwa sauti ya kusikika na wote, "leo mkoa umetulia."

Wakapiga makofi. Na mimi, jamani, nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Wakati huo Bi Tausi alikuwa amenyanyuka kwenda kunywa maji. Alipopita nyuma ya Anastazia akasimama, akasoma kwenye kioo cha kompyuta, kisha akamgeukia dereva.

"Fanueli, washa gari. Pongwe."

"Nimepangiwa nambari moja, Bi Tausi," akasema Fanueli. "Kuna mtu kavimba kidole, Ngamiani."

"Nimekwambia washa!"

Nikajitia katikati yao, nimetabasamu kwa ajili ya wageni. "Bi Tausi, tuuache mfumo ufanye kazi yake. Huyo wa Pongwe ni wa kijani. Asubiri zamu yake."

Bi Tausi alivaa miwani, akasoma kwa sauti yaliyoandikwa na Anastazia: "Asalaam aleikum. Habari za asubuhi, wanangu? Sie salama, hatujambo, alhamdulillahi. Nyie wazima? Ila mzee Luqmani kaanguka uani, mdomo umekwenda upande, haongei."

Kisha akavua miwani. "Mzee Luqmani wa Pongwe ni baba yako, Sabiri. Haya, asubiri zamu yake?"

Fanueli alikuwa ameshatoka mbio, nami nikamfuata na tai yangu begani. Simu ya mama ilikuwa imekaa dakika ishirini na tano pale chini nilipomweka. Njia nzima nilimwomba Mungu aniachie baba yangu, nikaahidi saumu nisizozikumbuka idadi yake.

Mama alikuwa mlangoni, kanga imemvuka bega, macho mekundu. "Karibuni," akasema. "Habari za huko?"

"Nzuri, mama," mdomo wangu ukamjibu wenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kulia.

Daktari alisema tungechelewa nusu saa nyingine, mzee asingezungumza tena. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nilichutama: nikamweleza mama kila kitu, hadi nambari ya foleni. Kesho yake nilikwenda kwenye ile meza ya pembeni, nikamwomba radhi Bi Tausi mbele ya wote, nikamrudisha kwenye simu. Anastazia akakaa ubavuni mwake kujifunza. Tukakaa na madaftari yake wiki nzima, tukaona kwamba dharura zote za mkoa huu zimejificha nyuma ya neno moja. Sasa kompyuta haisomi salamu. Inatafuta "ila", na ikiliona, kengele inalia chumba kizima.

Siku ya tisa baba akaweza kukaa kitandani. Nikamshika mkono, nikambusu.

"Shikamoo, baba. Wajionaje?"

Mdomo bado ulikuwa umekwenda upande kidogo, maneno yakimtoka moja moja. "Mara... haba. Sijambo, baba. Namshukuru Mungu." Akapumzika, akanikazia jicho. "Ila..."

Nikasogea karibu. "Ila nini, baba?"

"Ila... kumi na saba?"