Sanduku la Safu ya Chini

Barua zetu pale Marereni zilikuja na lori la chumvi. Likishapeleka magunia Malindi, dereva alipitia posta, akafungua sanduku la kampuni na kurudi na mfuko. Bwana stoo aliumwaga juu ya meza mlangoni mwa stoo, akaanza kuita majina. Tulimzunguka sote, wachimba chumvi, wapagazi, makarani, na mimi niliyekuwa mpiga chapa wa afisi.

Bwana stoo hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema asije akadhulumiwa. Hakufungua barua ya mtu hata siku moja. Lakini bahasha aliisoma yote, mbele na nyuma. Alitazama stempu, akatazama muhuri, akaupima mwandiko, kisha akatangaza. "Kaloleni, huu mwandiko wa mwalimu." "Mombasa tena? Huyo bibi hachoki kukuandikia." Watu walicheka, na wengine walipenda kutajwa. Mimi nilikuwa nikiudhika hata kabla sijawa na la kuficha.

Kisha nikawa nalo.

"Tanga!" akaita siku moja, ameinua bahasha juu ili kila mtu aione ile stempu ya ng'ambo ya mpaka. "Binti, una nani Tanga wewe?"

"Shangazi," nikasema.

Alikuwa mama. Baba alimpa talaka nikiwa mdogo, mama akarudi kwao Tanga, halafu mpaka ukafungwa, na nyumbani kwetu Malindi jina lake likawa halitajwi. Baba hakukataza kwa maneno. Alikuwa fundi wa kushona, na ukimtaja mama, alisimamisha cherehani akakutazama mpaka ukaondoka mwenyewe. Mpaka ulipofunguliwa, msafiri mmoja aliniletea salamu zake na anwani, nami nikamwandikia. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara wake, na bado niliogopa jambo moja: kwamba baba akijua, ataniambia nichague. Sikutaka kumpoteza mama mara ya pili, na baba ndiye aliyenilea.

Sasa barua nizipokelee wapi? Sanduku la baba halikufaa, ufunguo wake ulikaa naye mshipini. La kampuni lilikuwa raha tupu, hulilipii, huliendei, barua inakufuata mpaka ulipo. Ila bwana stoo naye alikuwa mtu wa Malindi. Kila Ijumaa alirudi kwao kusali, kisha akaketi kunywa kahawa kwenye baraza inayotazamana na duka la baba. Habari ya Tanga ingemtoka baina ya kikombe na kikombe, wala asingeona kwamba amenidhuru. Angeona amefikisha salamu.

Nikaamua kukodi langu mwenyewe.

"Baba yako ana sanduku hapa," karani wa posta akaniambia. "Jingine la nini?"

"La kazi."

"Kwani kazini kwenu hawana?"

"Niandikie tu, kaka."

Nilingoja mpaka likapatikana moja, safu ya chini kabisa, lazima uchutame ndipo ulifikie tundu. Nikamwandikia mama, na maneno yale nayakumbuka yote. Tangu leo tumia namba hii peke yake. Nyuma ya bahasha usiweke jina lako. Na ndani usijiite mama.

Nilidhani sasa nitatulia. Ufunguo niliufunga kwenye pindo la leso, nikawa naushika kila mara, kazini, mezani, hata nikisali. Jumamosi nilidandia lori mpaka Malindi, na nikifika posta sikuingia moja kwa moja. Nilizunguka kwanza, nikapita dukani, nikasalimia watu nisiokuwa na haja nao, nikachungulia mlangoni, ndipo nikaingia. Sanduku la baba lilikuwa kwenye ukuta ule ule, juu ya kichwa changu.

Siku moja nimechutama, ufunguo tayari uko mkononi, nikasikia ndara zake. Baba aliburura mguu mmoja, huwezi kumdhania mtu mwingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeangusha nini?"

"Pini ya buibui."

"Basi inuka, utanunua nyingine. Hebu shika huu unifungulie, leo macho yangu hayalioni hata tundu."

Nikachukua ufunguo wake, nikamfungulia lake na kumpa barua zake, wangu nikiwa nimeubana kiganjani hata ukaniachia alama. Tukaondoka pamoja. Nilikula chakula cha mchana nyumbani bila kujua kama lile la chini lilikuwa na kitu.

Halikuwa na kitu. Jumamosi iliyofuata nilitia mkono nikapapasa bati tupu, na nyingine vivyo hivyo. Nikaanza kumshuku karani, kisha dereva, kisha posta ya Tanga. Usingizi ulinipaa. Nikiambiwa jambo afisini nilijibu kwa ukali, mpaka mhasibu akaniuliza kama naumwa na jino.

Kisha lori likaja, na bwana stoo akaita. "Tanga! Shangazi kakukumbuka."

Nilikwenda kuisomea nyuma ya magunia. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Barua zangu alisomewa, na zake akaandikiwa, na jirani yake mmoja, barazani, kwa sauti, na kila aliyekuwapo alisikiliza, ndiyo sababu barua zake zote ziliisha kwa salamu za watu nisiowajua. Yote hayo niliyajua. Lakini nilikuwa nimeshughulika na kufuli la upande wangu, nikasahau kwamba upande wa pili hapakuwa na mlango.

"Barua yako tumesomewa kama kawaida," mama alisema. "Siku hiyo watu walikuwa wengi. Alipofika pale pa kuniambia nisijiite mama, msomaji alinyamaza, nikamwambia asome. Mwanangu, mimi si mwizi, siandiki kwenye sanduku la kificho. Nakuandikia hili la kazini. Wakikuita, itika. Ikiwa huwezi niambie, nitanyamaza. Nimezoea."

Neno lile la mwisho lilinichoma. Nililia pale pale, nikaona haya, nikaona na hasira, sijui ya nani.

Jumamosi sikwenda posta. Nilikwenda dukani kwa baba, nikasimama mbele ya cherehani, nikasema kabla sijakaa, "Baba, naandikiana na mama."

Cherehani ikanyamaza. Akanitazama vile vile kama zamani. Safari hii sikuondoka.

"Ndilo lile sanduku," akasema.

"Sanduku gani?"

"Karani aliniambia siku ile ile. Nikadhani una mwanamume. Nikasema nimwache, akiwa tayari ataleta posa." Akaunyosha mshono kwa kidole, polepole. "Afadhali angekuwa mwanamume."

Akakanyaga cherehani, akaendelea na kanzu ya watu. Hakuniambia nichague. Hakuniambia neno jingine lolote, siku hiyo wala Jumamosi iliyofuata. Niliumia, na hapo hapo nikahisi nimetua mzigo. Yule karani nilimkasirikia mno. Ikiwa ni kutangazwa, nilijiambia, heri bwana stoo anayetangaza mbele yako.

Ufunguo niliurudisha. Karani aliniuliza kama kazi imekwisha, nami nikaondoka zangu. Kisha nikamwandikia mama barua ambayo ningependa isomwe mbele ya watu wengi kadiri ya kujaa baraza.

Jibu lake lilipokuja, nilikuwa nimesimama mbele kabisa, karibu na meza. Bwana stoo aliinua bahasha, akaigeuza nyuma, akakunja uso. Safari hii mama alikuwa ameweka jina lake lote.

"Tanga," akasema. "Huyu ndiye yule shangazi?"

"Ni mama yangu," nikasema, nikanyoosha mkono.