Mzee Aliyekosea kwa Ustadi

Mwalimu wa piano alianza kumshuku yule mzee siku ya kwanza, kabla hajagusa hata kitufe kimoja. Mzee alikaa, akasogeza stuli nyuma kidogo, akalegeza mabega. Mwanafunzi mpya hasogezi stuli. Awe mtoto au mwenye mvi, hukaa palepale alipowekwa kama mgonjwa anayesubiri sindano.

"Umewahi kupiga, Mzee?"

"Mimi? Wapi, Mwalimu! Nimeendesha malori maisha yangu yote. Namsindikiza huyu mjukuu wangu tu, nikasema na mimi nijaribu."

Mjukuu mwenyewe alikuwa binti wa miaka tisa, mwenye sauti ya kunong'ona. Wakawa wanasoma pamoja, babu na mjukuu, kwa zamu.

Mwalimu alikuwa na sababu ya kukosa amani. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa shule ya muziki yenye vioo na viyoyozi, na wanafunzi wake walikuwa wakimponyoka mmoja mmoja: mapacha wa daktari wa meno, mhasibu mstaafu, hata kinyozi aliyekuwa akiapa kwamba hatamwacha. Chumba hiki chenye piano moja ndicho kilichomlisha tangu afiwe na mume. Wale wa ng'ambo wakimchungulia na kuiba namna yake ya kufundisha, amekwisha. Na wangemtuma nani, kama si mzee mpole asiyeweza kushukiwa?

Basi akaacha kutazama noti, akawa anatazama vidole vya mzee, navyo vikamchongea. Mzee alikosea, tena sana, lakini kwa ustadi. Mwanafunzi wa kweli akikosea husita, huuma mdomo, huutazama mkono kana kwamba si wake. Mzee alikosea bila hata kutazama, na kila mara mahali ambapo binti alikuwa ametoka kukosea.

"Si hapo, Babu! Kidole cha tatu!"

"Lo! Kichwa changu kimeota kutu."

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki baada ya wiki alizidi kupiga kwa sauti na kukaa wima. Mwalimu hilo hakuliona. Machale yalikuwa yanamcheza, na mtu wa hivyo haoni lingine.

Ndipo akatega mtego. Binti alipotoka kwenda kunawa mikono, Mwalimu akapiga wimbo mmoja mtamu, mikono yote miwili, akaukatiza pale pale unapotaka kutua. "Ngoja nizime jiko," akasema, akajibanza nyuma ya pazia la mlango. Alijua kitu kimoja: mwenye muziki mikononi hawezi kuuacha wimbo unaning'inia. Utamwasha kama upele.

Mzee alivumilia kidogo. Akatazama huku na huku. Kisha akaumalizia, mkono wa kushoto ukishuka kwenye zile sauti nene ambazo Mwalimu hakuwahi kumfundisha.

"Nimekukamata!" Mwalimu alichomoka, furaha imemjaa. "Sema, wamekulipa nini hao wa ng'ambo?"

Mzee hakumtazama. Alikuwa anatazama nyuma ya Mwalimu, mlangoni, ambapo binti alisimama mikono ikichuruzika maji.

"Babu. Kumbe unajua."

Akageuka, akatoka mbio, begi na kitabu akaviacha.

Mzee aliinuka taratibu. "Hakuna aliyenituma, Mwalimu. Nilipiga piano kwenye bendi ujanani. Nyumbani kwao wote wanapiga, mama, baba, mpaka kaka zake, na yeye ameshakimbia walimu wawili kwa kujiona mjinga. Nikaona apate hata mtu mmoja mjinga kuliko yeye. Nikajitolea."

Mwalimu akamnyooshea kile kitabu cha binti. Mzee akakipokea, akachukua na begi, akatoka. Dirisha lilikuwa wazi, na binti alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, kwa hiyo alichosema kilisikika vizuri kabisa.

"Kwa hiyo hata wewe, Babu, ulikuwa unanionea huruma."