Nzima Zote

Gati zima walimwita Kiguu na Njia, na jina lenyewe lilikuwa kejeli, maana mwanamke yule hakuwa amefika popote. Ila kukaa kitako hakukaa kamwe. Chai aliinywa amesimama, simu aliongea akitembea, na hata usingizini alipiga mateke. Alilea watoto, akamuuguza mama mkwe mpaka akamzika, na miaka yote hiyo wimbo wake ulikuwa mmoja: "Tukimaliza hili, tunaondoka." Haya, yamekwisha. Boti ya tanga ipo, imefungwa gatini, yeye na mumewe wanalala humo humo, na kuondoka bado.

Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu na kulishona tanga lile kwa mikono yake mwenyewe, hakukosa sababu. Mara rangi haijakauka. Mara kamba imechakaa. Halafu ikaja hii ya betri, na hii, jamani, ilimkera mke mpaka basi.

Boti ilikuwa na betri mbili, moja ya kuwashia injini ya dizeli, nyingine ya taa na redio, na swichi moja kubwa nyekundu ya kuziunganisha na kuzizima. Mambo ya injini mke aliyajua kutoka gereji ya kaka yake. Akamkanya mumewe: injini ikiwa inanguruma, swichi hiyo usiiguse, hata iweje, maana altaneta inayozijaza betri itakosa pa kupeleka umeme, itaungua. Alimkanya asubuhi, akamkanya jioni.

Basi siku moja injini inanguruma, mke yuko chini na mita yake anapima, mume yuko juu karibu na swichi.

"Betri zikoje?" mume akauliza kwa sauti.

"Nzima zote!"

Naye akazima zote. Harufu ya waya ulioungua ikajaa chumbani.

"Si umesema zima zote?" mume akasema, mikono kichwani.

Gati zima likacheka. Sikio la kufa halisikii dawa, wakasema. Majirani wakageuza salamu: "Hamjambo? Nzima zote?" Mke mwenyewe alicheka, akamwambia kila mtu kwamba masikio ya mzee yamechoka. Ila altaneta nyingine haikupatikana. Paneli ndogo ya sola ilitosha taa tu, betri ya injini ikazidi kulegea, na kila alipobonyeza kitufe injini ilisema "tk" ikanyamaza. Alikuwa akizunguka gati kutwa nzima kama aliyepoteza funguo.

Asubuhi moja upepo ukageuka, ukawa ule aliokuwa akiutaka.

"Leo," akasema.

"Na betri je?" mume akauliza, haraka mno.

"Tunawasha kwa mkono. Dizeli ikishawaka haiombi umeme."

Akatoa chuma cha kuzungushia injini. Juu ya injini palikuwa na kiwiko kidogo cha chuma: ukikiinua, injini inazunguka nyepesi, ukikishusha ghafla, inabana hewa na kuwaka. Kazi ya watu wawili hiyo.

"Wewe shika kiwiko. Nikisema sasa, shusha."

Akazungusha, akazungusha, jasho likamwingia machoni. "Sasa!"

Kiwiko hakikushuka.

"Mkono umeteleza," mume akasema.

Akazungusha tena mpaka mabega yakawaka moto. "Sasa!" Safari hii alimtazama. Vidole vya mumewe vilikuwa vimekakamaa, vimekishikilia kiwiko juu.

Akaweka chuma chini. "Baba watoto, siku ile ya swichi. Ulisikia nini?"

Mume akainamisha kichwa. "Nilisikia nzima."

Loo! Hasira zilimpanda mke akatamani kukitupa kile chuma majini. "Na mimi nikawachekesha watu kwa masikio yako!"

"Naogopa, mke wangu. Naogopa tangu siku tuliyoinunua. Nilidhani ukingoja sana utatulia."

"Lini mimi nilitulia?" Akajifuta macho kwa kiganja chenye grisi. "Sikulazimishi kwenda. Ila kiwiko hicho utakishusha, maana mimi sina mkono wa tatu."

Akazungusha. "Sasa!"

Kikashuka. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika.

Mume akapanda gatini, akafungua kamba, akairusha botini. Yeye mwenyewe hakurudi. Mke akakaa kwenye usukani, kitako kabisa, akamsubiri. Boti ikaanza kuachana na gati taratibu.

"Zima!" mume akapiga kelele. "Zima, mke wangu! Zima tuongee kwanza!"

Mke alilisikia kila neno. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta.

"Ndiyo!" akamjibu kwa sauti ya juu. "Nzima zote!"

Akasukuma gia mbele.