Ukoka wa Biubwa Ukingoni mwa Korongo

Shamba la mihogo la Biubwa, huko Kisarawe, liko mteremkoni, na chini yake kuna korongo. Zamani kila masika korongo lilimega ardhi yake. Mumewe alipofariki, Biubwa alianza kupandikiza ukoka ukingoni, kipande kwa kipande, akiumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Watu walimcheka: wenzake wanang'oa magugu, yeye anayapanda. Lakini ukoka ukatambaa, ukashikana, na kwa miaka kumi na minane korongo halikusogea.

Machi mwaka huu alikwenda hospitali ya Tumbi kumuuguza dada yake. Aliporudi, ukingo wote ulikuwa umekauka, unanuka dawa ya kuua magugu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Seifu, mwenyekiti wa kitongoji, kijana wa rika la mwanawe.

"Shikamoo, mama."

Biubwa hakuitikia. "Nani kapulizia dawa shambani kwangu?"

"Niliwatuma vijana. Wageni wa wilayani walikuwa wanakuja kukagua mashamba. Lile pori lingetuaibisha. Tumekusaidia."

"Uliniuliza?"

"Mama, yale ni majani tu."

"Ule ni ukuta wangu. Ulipita pale kila siku ukienda shule. Hukuona?"

Seifu alikuna kichwa. "Na hao wageni wenyewe hawakuja," akasema.

Biubwa alirudi nyumbani.

Aprili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Korongo likameza matuta manne ya mihogo na kipande cha njia ya watoto wa shule. Seifu akaja na daftari, akaandika "maafa ya mvua," akamtaka aweke dole gumba.

"Siweki. Mvua inanyesha hapa tangu sijazaliwa. Andika dawa, na andika nani aliyeileta."

Seifu akafunga daftari.

Kwenye mkutano wa kitongoji Biubwa alisimama akayasema yote, bila kupaza sauti, bila kuficha jina. Akina mama wenye watoto shuleni wakamgeukia mwenyekiti, wakangoja. Seifu akainamisha uso. "Nilikosea," akasema.

Jumamosi alifika ukingoni na vijana walewale. Biubwa aliwaonyesha namna ya kufukia vipande vya ukoka, kisha akawasimamia mpaka jua likawa kali, akiwarudisha kila walipolipua kazi. Radhi waliomba, naye aliwajibu kwamba amesikia. Ardhi iliyokwenda na maji haikurudi, na hakuona sababu ya kutabasamu.