Tajiri Asiye na Kitanda

Mtu aliyekadiriwa kuwa tajiri kuliko wote katika kichochoro chetu cha Namuwongo, Kampala, hakuwa na kitanda. Alikuwa fundi cherehani, mkimbizi kutoka Kongo, na alilala kwenye mkeka chini ya meza yake ya kukatia nguo.

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, kila mwanamume mzima alilipa kodi ya kichwa, na asiyekuwa na risiti mfukoni alikamatwa njiani. Mimi nilikuwa karani. Yangu ilikatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Wasio na mshahara walikadiriwa kwa macho. Chifu na wazee wake waliingia nyumbani wakatazama: baiskeli, redio, viti vya mito. Kadiri walivyoona vingi, ndivyo kodi ilivyopanda.

Basi zilipovuma habari kwamba wanakuja, watu walificha vitu vyao. Kila mmoja, kwa siri yake, aliwaza jambo lilelile: nani atahangaika kukagua chumba cha fundi? Nilimwona jirani yangu mchoma nyama akisukuma baiskeli kwenda huko. Alirudi mikono mitupu, akanipita bila salamu. Wenye redio wakafuata. Fundi hakumkatalia mtu. Wote walikuwa wateja wake.

Wakadiriaji walianzia juu, kwa mwuza sukari ya magendo, rafiki wa maofisa wa kambi ya jeshi ya Makindye. Walikunywa chai barazani, hawakuingia ndani. Kisha wakashuka kwa fundi.

"Eh, fundi! Redio mbili? Unasikiliza na masikio gani?" chifu akauliza.

"Ni vitu ya watu, mzee."

"Watu gani? Taja."

Fundi akatutazama sisi tuliojazana mlangoni. Mchoma nyama akainamia viatu vyake.

"Basi ni yako. Kampala imekunenepesha, ndugu."

Watu wakacheka. Wenye vitu walicheka kwa sauti zaidi.

Fundi aliposhindwa kulipa kodi aliyokadiriwa, cherehani yake ilichukuliwa ikawekwa kwa chifu mpaka deni liishe. Hapo wenye vitu wakaona haya, wakakutana chumbani kwake Jumapili baada ya ibada ili wamchangie. Mmoja wa wenye redio akasema kila mtu atoe kulingana na alichoficha.

"Sote tulificha, sote sawa!" mchoma nyama akafoka. "Baiskeli yangu haina hata breki."

Mwingine akapendekeza anayepata zaidi atoe zaidi. Hakuna aliyekuwa tayari kusema anapata nini. Kwa mwuza sukari hakuna aliyethubutu kwenda kuomba mchango.

Nilihamia mtaa wa Kyambogo mvua zilipoanza. Siku ya kuondoka nilipita kwa chifu. Cherehani ilikuwa bado barazani, imefunikwa gunia la sukari. Fundi nilimwacha akishona kwa mkono suruali ya mchoma nyama, na kikao cha tatu kilikuwa kimeitishwa Jumapili iliyofuata.