Damu Isiyosomwa kwa Wakati

Namba thelathini na nane iliyo kwenye karatasi yangu ya kifua kikuu haikusomwa na mtu wa maabara. Niliisema mimi, nikiwa nimelala sakafuni.

Ulikuwa mwezi wangu wa pili wa dawa. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimefunga mipaka, na zahanati haikuwa tena na rangi ya kupimia makohozi. Daktari alibaki na mizani, kikohozi changu, na kipimo cha damu tulichokiita vitesse. Damu huchanganywa na dawa ya kuizuia isigande, husimamishwa katika bomba jembamba la kioo kwa saa moja kamili, kisha husomwa imezama milimita ngapi. Ugonjwa ukiwa mkali, huzama haraka. Dawa zikishika, huzama polepole. Mara ya kwanza yangu ilizama tisini na sita.

"Ikiwa chini ya arobaini," daktari aliniambia, "mtoto arudi."

Binti yangu wa miezi minane alikuwa kwa dada yangu, mpishi katika nyumba moja ya Kiriri, mtaa wa matajiri. Maziwa yangu yalikuwa yamekwisha kukauka.

Zahanati ilikuwa mtaa wa Cibitoke. Tangu asubuhi risasi zilisikika upande wa Carama. Mtu wa maabara, mzee mwenye kofia ya viua, alisimamisha bomba langu na kutazama saa yake ya mkononi.

"Hawa wa bunduki hawasikiage njaa?" nilimuuliza.

"Wako ku kazi, mama. Na sisi pia. Kaa hapo, usitikise meza."

Alitoka kwenda kuchukua karatasi yangu kwa daktari. Hapo dirisha la koridoni likapasuka.

Nilijitupa chini ya benchi. Kutoka pale nililiona bomba, na mstari kati ya damu nyekundu na maji ya manjano juu yake. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi. Nilijaribu kuhesabu dakika, nikapotea kila bunduki ilipojibu bunduki. Nikasubiri adhana ya adhuhuri inipe wakati. Siku hiyo haikusomwa. Buti zilipita koridoni. Kifua kikaanza kuniwasha. Niliuma kitenge mpaka machozi yakanitoka, na kupitia machozi hayo niliuona mstari kwenye ishirini, baadaye kwenye thelathini na nane.

Mzee alirudi akitambaa kwa magoti. Akatazama saa yake, kisha bomba. Sitini na moja.

"Saa imepita zamani. Hii haiandikwi."

"Tupime tena, mzee."

"Tupime na nini? Ile dawa ya kuchanganya na damu, yako ndiyo ilikuwa ya mwisho." Akaniangalia. "We ulikuwa hapa. Saa ilipotimia, mustari ulikuwa wapi?"

"Thelathini na nane," nikasema.

Hakuniuliza nimejuaje. Akaandika.

Jumapili dada yangu akamleta mtoto. Siku ya nne, mchana, akiwa mgongoni mwangu, alikohoa mara moja. Nilisimama katikati ya ua nikisubiri kikohozi cha pili. Siku hiyo hakikuja.

Sasa ni mtu mzima, na kila akikohoa bado nanyamaza nisikilize. Karatasi ninayo. Mstari ulifika thelathini na nane dakika ya ngapi, sijui.