Kidole Juu ya Kristali

Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala sikuwa nimesinzia. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo maswali ninayoulizwa kila nikifika mwisho. Tena ilikuwa mchana, hapa hapa Kigali, kwenye chumba cha juu pale Gisozi, karakana za maseremala zikiwa chini yetu. Usiponiamini sitakulaumu. Nisikilize tu.

Tunatengeneza vifaa vidogo vya kupima ubaridi wa matangi ya maziwa, huko milimani kaskazini. Ndani ya kila kifaa kuna bodi, na kwenye bodi kuna chipu. Ukiwasha umeme, kuna programu moja ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote, kisha inaziamsha hizo nyingine. Yenyewe ikilala, kifaa kizima ni bati tu. Na ili iamke inahitaji saa. Si saa ya ukutani, ni mapigo yanayoiambia chipu lini ipige hatua inayofuata. Mapigo hayo yanatoka kwenye kidude cheupe kinachong'aa, kidogo kuliko punje ya mchele. Tunakiita kristali.

Wiki hiyo mwenzetu mpya, Fabrice, alikuwa ameandika draiva mpya ya saa hiyo, yaani sehemu ya programu inayoiongoza. Mimi nilipewa kuikagua. Jumatatu bodi arobaini zilikuwa zifungwe kwenye maboksi na kumiminiwa gundi ngumu, zipande milimani. Kosa likibaki humo, ni mtu kwenda kilima kwa kilima kuzing'oa kwa mkono, na maziwa ya watu yameshaharibika. Kwa hiyo Jumamosi nikaja peke yangu. Niliisoma ile draiva mara tatu. Niliwasha bodi mezani na kuizima mpaka kidole kikachoka, na kila mara iliamka vizuri. Lakini kuna kitu kilinikereketa, sijui ni nini.

Nikawaza, Domitila angekiona.

Ngoja nikuambie Domitila ni nani. Kwa miaka mitatu tulikaa meza moja, yeye upande ule, mimi upande huu. Mimi nimekulia Bujumbura, yeye Ngara, Tanzania. Ofisini wote wanaongea Kinyarwanda, sisi wawili tulikuwa na Kiswahili chetu pembeni. Alikuwa mkaguzi hodari kuliko sisi sote. Alipopata kazi Arusha, nilimbebea begi mpaka stendi ya Nyabugogo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu mwaka wa kwanza. Unajua nilimwambia nini kwenye dirisha la basi? “Ukifika unijulishe.” Akafika, akanijulisha. Basi. Misimu miwili ya mvua ikapita, nami kila asubuhi nikikaa naitazama ile nafasi yake.

Sasa, Jumamosi hiyo, kama saa tisa alasiri, mvua kubwa ikashuka. Misumeno chini ikanyamaza, maseremala wakajibanza chini ya bati kwenye ngazi. Nikasikia kiti cha ng'ambo ya meza kinavutwa. Nikainua macho, Domitila amekaa.

Utaniuliza, hukushtuka? Niamini, sikushtuka. Nilifurahi. Nilidhani amekuja Kigali kusalimia, akaamua kutushtua. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya gauni la nyumbani, na miguu yake ilikuwa mitupu. Nikajua kaacha viatu vyenye matope mlangoni, ndivyo alivyozoea.

“Umekonda,” aliniambia.

“Na wewe umekuja bila hata kupiga simu?”

Akatabasamu, akaitazama bodi. “Hiyo ndiyo inayokunyima raha?”

Na mimi, mpumbavu, nikaanza kumweleza. Nikamgeuzia kompyuta. Alisoma kimya, mdomo wake ukicheza kidogo kama zamani, kisha akasema, “Hapa. Inasubiri kristali itulie, inahesabu, ikichoka kuhesabu inaendelea tu. Haijauliza kama kristali iko tayari.”

“Lakini inaamka kila mara.”

“Hapa Kigali, bwana. Huko juu alfajiri kuna baridi. Kristali ikipoa inachelewa.” Akanyoosha mkono, akaweka kidole juu ya kile kidude cheupe. “Washa.”

Nikawasha. Kimya. Taa haikuwaka. Nikazima, nikawasha tena, kimya. Akatoa kidole, nikawasha, ikaamka.

Fundi yeyote atakuambia kidole chochote kinaweza kusimamisha kristali. Najua. Lakini mkono wangu uliugusa wake wakati wa kubonyeza swichi, na ulikuwa wa baridi kama maji ya kisimani. Nikasema ni mvua.

Nikaanza kuandika maelezo ya ukaguzi haraka haraka, nisisahau hata neno. Nikamuuliza hili, nikamuuliza lile: tuipe muda gani, ikishindwa itumie mapigo gani mengine. Alijibu yote. Halafu akasema, “Kuna kitu kingine unataka kuniuliza?”

“Subiri kidogo,” nikasema, macho yangu kwenye kompyuta. “Nimalizie sentensi hii.”

Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu.

Nilitoka mlangoni. Palikuwa na viatu vyangu tu. Nikashuka ngazi nikawauliza maseremala kama wamemwona dada aliyepita. Walikuwa wamejaa kwenye ngazi tangu mvua ianze. Mkubwa wao akanitazama kwa mshangao. “Nta muntu wazamutse,” akasema. Hakuna mtu aliyepanda.

Ungefanya nini wewe? Ungempigia simu pale pale, sivyo? Mimi nilirudi juu. Nilijiambia ni uchovu, nikamalizia ukaguzi, nikamtumia Fabrice maelezo, nikaijaribu bodi kwenye friji ya ofisi, na kweli ikagoma. Saa moja jioni ndipo nikampigia Domitila. Simu ikaita mara moja tu.

Hakusema haloo. Alisema, “Umeirekebisha ile ya kristali?”

Nilikaa chini sakafuni. Draiva ile ilikuwa na umri wa wiki moja. Yeye alikuwa Arusha, hakuna aliyekuwa amemwambia.

“Ulikuwa hapa,” nikasema.

“Nililala mchana. Silali mchana mimi. Nikaota niko Gisozi, miguu mitupu, simenti baridi, mvua inapiga bati. Nilikuuliza kitu. Ukaniambia subiri.”

“Domitila...”

“Sikiliza. Kuna mtu amepeleka posa nyumbani Ngara. Wazazi walitaka jibu leo. Nilijilaza nipate kufikiri.” Nilimsikia anavuta pumzi. “Nilipoamka nilikaa na simu mkononi mpaka giza likaingia. Nikasema, kama kweli nilikuwa pale, atapiga.”

“Nimepiga.”

“Nimewajibu nusu saa iliyopita,” akasema, taratibu, bila hasira. “Nimekubali.”

Bodi zote arobaini zinafanya kazi mpaka leo, na Fabrice ananishukuru kwa ukaguzi ule. Domitila ameolewa, ana mtoto wa kike. Hatupigiani. Mimi Jumamosi mvua ikinyesha huwa naja ofisini na kukaa upande wangu wa meza, sina kazi yoyote ya kufanya. Wenzangu wanadhani naipenda kazi. Hajaja tena.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu aliye mbali ambaye humwelezi unavyomkumbuka, na siku moja ukamkuta amekaa mbele yako pasipo njia ya kufika, usimwogope, wala usimuulize amepitia wapi. Funga kompyuta. Acha maziwa yaharibike. Mwambie, yote, kabla hujapepesa macho. Na kama hukuwahi, piga simu saa ile ile. Usingoje mpaka umalize kazi.